Tisa Fupi, Tisa Ndefu

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikereza vyuma miaka ishirini na sita katika karakana moja nyuma ya maegesho ya malori. Alianza kwa kufagia vumbi la chuma. Alipoomba afundishwe mashine aliambiwa mashine si chungu cha kupikia. Akaendelea kufagia, taratibu kuliko inavyotakiwa huku akiwatazama mafundi mikono, mpaka siku fundi mmoja alipougua na kazi ya watu ikawa inangoja. Tangu siku hiyo hakushika ufagio tena. Wenzake walimpa jina la Nusu Mili, kwa sababu kipande kikizidi nusu milimita alikurudishia bila hata kukuuliza hali ya watoto.

Baba alikuwa mtu mwingine kabisa. Walinyonya ziwa moja lakini hawakulingana kwa lolote. Ukimkanyaga baba, yeye ndiye angekuomba radhi kwa kuuweka mguu wake pale. Alikuwa mlinzi wa lango kwenye ghala la mabati na saruji, sare imenyooshwa, kiunoni bastola ya kampuni ambayo kwa miaka kumi na moja hakuifyatua ila siku za mazoezi.

Siku ya Alhamisi, mchana, makuli wa ghala walikuwa wamepakia malori manne tangu alfajiri. Likaingia la tano. Wakasema wapumzike kidogo kwanza, wakaambiwa hakuna kupumzika, wakakaa chini pale langoni. Hawakumtukana mtu. Meneja akashuka ngazi za ofisi, anapumua kwa pua kama fahali. Baba alikuwa amewapa mgongo, anafunga lango dogo, aliposikia mlio. Alipogeuka, kuli mmoja mrefu waliyemwita Twiga alikuwa ameshika nyonga, damu inapita katikati ya vidole. Wengine walikwisha kukimbia. Meneja alikuwa amesimama hatua chache kutoka kibanda cha mlinzi, shati limetoka nje ya suruali.

"Lete bastola yako," akamwambia baba.

Baba akampa. Ndivyo alivyokuwa. Mkubwa akisema lete, analeta.

Polisi walipofika waliikuta bastola ya baba mezani kwa meneja, magazini yake imepungua risasi moja. Langoni wakaokota ganda moja la risasi. Kichwa chenyewe cha risasi kilikuwa kimepita nyonga ya Twiga na kupotelea huko kwenye malundo ya mifuko, hakikuonekana tena. Baba alitiwa pingu huku bado anauliza kama Twiga amepelekwa hospitali.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Wakili tuliyepewa, binti mwembamba mwenye mafaili mengi kuliko mikono yake, alikuja pale wiki ya pili kutoa kopi za karatasi za kesi. Shangazi naye akaja, bado amevaa aproni. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaisoma ripoti ya polisi wima pale pale kando ya mashine. Ilikuwa fupi. Ilisema ganda lililookotwa ni la risasi ya bastola ya milimita tisa. Kwamba silaha ya mshtakiwa ni ya milimita tisa. Kwamba kwa hiyo ganda limetoka kwenye silaha hiyo.

"Tisa gani?" akauliza.

"Milimita tisa, mama," wakili akasema. "Bastola tisa, ganda tisa. Hapo ndipo walipotubana."

"Nimesoma. Nauliza tisa gani. Mtu akija kwangu akasema anataka nati ya kumi, simpi kitu mpaka nijue nyuzi zake ni nene au nyembamba. Zote zinaitwa kumi. Ukilazimisha hii kwenye bolti ya ile, unaharibu vyote viwili. Hapa urefu wa ganda uko wapi? Kitako kina upana gani? Alipima nani?"

Wakili akapekua, akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Hawakuandika."

"Basi hawakupima," shangazi akasema, akaniomba nimtolee kopi yake mwenyewe.

Jumamosi tulikwenda kumwona baba rumande. Alikuwa amekonda shingo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu mmoja kutoka kampuni alikuja na maneno ya huruma: akikubali kwamba silaha ilimfyatukia kwa bahati mbaya, mambo yatakuwa mepesi, adhabu itakuwa ndogo.

"Dada, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe apite wapi, na wewe umelala njiani? Niambie, ulifyatua?"

"Sikufyatua."

"Basi usikubali hata robo yake. Wakikuletea kalamu, sema mkono unauma."

Baba akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, kisha akafunika macho kwa kiganja. Shangazi aliangalia pembeni mpaka alipomaliza.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akimletea shangazi vipuri vya cherehani avikereze. Siku hizi alikuwa fundi cherehani, lakini kabla ya kustaafu alitunza chumba cha silaha cha polisi miaka mingi. Tulimkuta kibarazani, ameifungua cherehani matumbo nje. Shangazi akamweleza. Mzee akainuka. Akaingia ndani, akarudi na kopo la dawa ya meno ya unga, akamimina risasi mbili kwenye kitambaa.

"Msiogope. Hazina baruti. Nilikuwa nafundishia."

Mimi niliziona ni kitu kimoja. Zote za shaba, zote fupi nene kama ncha ya kidole changu cha mwisho, vichwa vya mviringo. Mzee akazisimamisha kwenye meza ya cherehani, bega kwa bega. Hapo ndipo nilipoona kwamba moja ilikuwa imemzidi mwenzake kimo kidogo, kama pacha aliyevaa viatu.

"Hii tulikuwa tunaiita tisa ndefu," mzee akasema. "Ndiyo ya polisi, ndiyo ya walinzi. Na huyu ni tisa fupi. Huyu ni wa bastola ndogo, za kuficha chini ya shati. Vichwa vyao vyote ni tisa, hapo ripoti haijasema uongo. Lakini binti yangu, pima maganda yao."

Shangazi alikwisha toa mfukoni venia yake, kile kipimo chake cha kubana. Akabana, akasoma, akabana tena.

"Ganda la ndefu, kumi na tisa na kitu kidogo. Fupi, kumi na saba na robo. Tofauti inakaribia mili mbili."

"Sasa kitako."

"Ndefu, pungufu kidogo ya kumi. Fupi, tisa na nusu."

"Na umbo?"

Shangazi akapitisha venia kutoka mdomoni mwa ganda hadi kitakoni, taratibu. "Ndefu inaanza nyembamba inanenepa ikielekea chini. Hii fupi imenyooka kama bomba."

"Ndiyo hivyo. Baruti ya ndefu ni nyingi zaidi na inasukuma kwa nguvu zaidi, ndiyo maana bastola yake ni nzito. Fupi ni mpole kidogo mkononi. Lakini kwa aliyepigwa hakuna mpole."

Shangazi alikaa akiitazama ile ndefu na ile fupi. Halafu akauliza swali ambalo, nakumbuka, lilimfanya mzee aweke chini bisibisi yake.

"Mtu akisema mdogo wangu alitia fupi kwenye bastola ya ndefu?"

"Watasema. Mimi ningekuwa wao ningesema." Mzee akaichukua fupi. "Mara nyingi inazama ndani kupita mahali pake, na pini haiifikii, hailipuki. Mara chache inashikwa na ndoano ya bastola, ile ya kutolea maganda, inalipuka. Lakini kumbuka chumba cha risasi mle ndani ni kipana kuliko yeye. Ganda la shaba likilipukia kwenye chumba kipana linavimba, au linapasuka ubavuni. Haliwezi kutoka limenyooka. Lile lao likoje, limenyooka?"

Hatukujua. Lilikuwa kwenye bahasha ya polisi iliyofungwa kwa lakiri.

Tulikwenda kwa makuli pia, mmoja mmoja, kwenye vyumba vyao. Walitukaribisha, wakatupa maji ya kunywa, wakasema hawakuona. Eti walikuwa wanatazama chini. Walikuwa wanakunywa maji. Mmoja alikuwa amekwenda haja, na mke wake akageuza uso aliposema hivyo. Shangazi hakuwalaumu. Alisema tu, kwenye kila mlango, kabla ya kutoka: "Meneja wenu huwa anaficha nini chini ya shati?" Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyesema hajui.

Maneno hayo yalifika yanakokwenda. Jumatatu tajiri wa karakana alimwita shangazi ofisini. Meneja wa ghala alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mguu juu ya mguu. Ghala lile lilileta nusu ya kazi za karakana. Kila mtu alilijua hilo. Yaliyosemwa mle shangazi alinisimulia siku hiyo hiyo, na fundi wa kuchomelea aliyekuwa dirishani akanisimulia vilevile, kwa hiyo nayaamini.

"Mama, mimi nakuheshimu," meneja alisema. "Mdogo wako ni kama ndugu yetu. Mambo ya mahakamani waachie wenye elimu yake. Wewe ni mtu wa nati na bolti."

"Ndiyo," shangazi akasema. "Na wewe ni mtu wa mabati. Ya bastola umeyajulia wapi?"

Tajiri akakohoa. Akasema pengine shangazi apumzike nyumbani mpaka kesi iishe, au kesi ipumzike na yeye abaki kazini. Achague.

Shangazi akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani mbele ya meneja.

"Ile shafti niliyoacha kwenye mashine bado ina mili mbili za kupunguza," akamwambia tajiri. "Mwambie atakayeishika asiharakishe."

Akatoka. Fundi wa kuchomelea alisema kabla ya kuvuka uani alisimama kwenye mashine yake, akaifuta vumbi kwa kiganja. Hilo yeye hakunisimulia.

Siku ya kusikilizwa kesi, chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa kuliko nilivyodhani. Makuli walikuja, wakasimama nyuma karibu na mlango, kama watu waliopita tu. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, na kwa sababu ya ile sauti watu wote walinyamaza ili wamsikie. Mtaalamu wa polisi akasimama, akaeleza ripoti yake. Wakili wetu akainuka.

"Ganda hili ulilipima?"

"Nilililinganisha."

"Kwa kifaa gani?"

"Kwa macho, na kwa uzoefu."

"Je, unafahamu kwamba kuna risasi zaidi ya aina moja zinazoitwa tisa?"

"Nafahamu."

"Hili ni aina gani?"

"Ya bastola."

Watu wakacheka. Hakimu akainua macho, kicheko kikafa. Wakili akaomba bahasha ifunguliwe, ganda lipimwe mbele ya mahakama, akasema kifaa kipo. Akaelekeza mkono kwa shangazi. Mwendesha mashtaka akaruka kama aliyekalia pini: kifaa cha dada wa mshtakiwa, Mheshimiwa, hakiwezi kuaminika.

"Basi alete cha kwake," shangazi akasema kutoka kwenye benchi. Alikuwa amesimama.

"Mama, kaa," hakimu akasema.

"Nitakaa, Mheshimiwa, likishapimwa."

Nilimvuta gauni. Alikuwa kama nguzo iliyosimikwa kwa zege.

"Naweza kukuweka ndani kwa kuidharau mahakama hii."

"Ndani yumo mdogo wangu, Mheshimiwa. Sitakuwa mpweke. Lakini mimi sijaidharau mahakama. Aliyeidharau ni aliyekuletea tisa bila kuipima, akadhani hutauliza."

Askari wa mahakama alikwisha piga hatua moja. Hakimu akamzuia kwa mkono, akamtazama shangazi.

"Wewe ni mtaalamu wa silaha?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mimi ni mtaalamu wa milimita."

Hakimu akaandika kitu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ndogo, kwamba mama atakaa chini sasa hivi na hatazungumza tena. Kwamba kifaa chake hakitatumika. Na kwamba karani apige simu ofisi ya mizani na vipimo, waje na kifaa chao, saa nane mchana. Shangazi akakaa. Alikuwa amelowa jasho mgongoni, nguo imemganda.

Saa nane akaja ofisa wa vipimo, mtu mdogo wa mwili mwenye tai, ambaye bila shaka maisha yake yote alikuwa akikagua mizani za wauza nyama. Bahasha ikakatwa. Ganda likatoka, dogo, limepoteza mng'aro, kitako chake kimekwaruzwa na sakafu hata maandishi hayasomeki. Akalibana, akasoma kwa sauti, karani akaandika.

"Urefu, kumi na saba nukta mbili. Kitako, tisa nukta tano. Katikati, tisa nukta tano. Mdomo, tisa nukta tano."

"Rudia," hakimu akasema.

Akarudia. Zilikuwa zile zile. Kisha mojawapo ya risasi zilizobaki kwenye magazini ya baba ikatolewa nayo, ganda lake likapimwa: kumi na tisa nukta moja. Yule mzee fundi cherehani akaitwa, akaapa, akaeleza alivyotueleza sisi kibarazani. Mwendesha mashtaka akauliza lile swali, kama tulivyotarajia: je, fupi haiwezi kulipukia kwenye bastola ya ndefu? Mzee akasema inaweza, kwa nadra. Akaomba ganda. Akaliviringisha mezani kwa kidole kimoja, mbele ya hakimu, likaenda limenyooka bila kuyumba.

"Lingelipukia mle lingevimba, Mheshimiwa. Hili limelipukia kwenye chumba chake mwenyewe."

Mimi sikuwa namtazama mzee. Nilikuwa namtazama baba kizimbani. Alikuwa amenyoosha mgongo. Sijawahi kumwona amesimama hivyo, si kwenye harusi, si kwenye msiba.

Uamuzi ulitolewa baada ya wiki mbili: hana kesi ya kujibu. Mtaani wakatunga utani wao, kwamba njia ya mwongo ni fupi, na risasi yake pia ni fupi. Lakini kabla hata ya uamuzi huo, kesho yake tu baada ya ganda kupimwa, yule kuli aliyekuwa amekwenda haja alikwenda kituo cha polisi akasema hakuwa amekwenda haja. Mchana wakamfuata wengine wanne. Wote walisema meneja aliitoa bastola ndogo chini ya shati, akafyatua kuelekea chini mbele ya miguu yao ili awatishe, na mkono ukamcheza. Leseni yake ilipotafutwa, iliandikwa wazi: tisa fupi. Yeye akasema bastola hiyo ilimpotea miezi mitatu nyuma. Alipoulizwa aliripoti wapi, akasema alikuwa na shughuli nyingi.

Kampuni ya ulinzi ilimwandikia baba barua ya kumrudisha kazini. Chini kulikuwa na mstari wa kusaini kwamba hana malalamiko yoyote, wala hatakuwa nayo. Baba akaisoma jikoni, akaisoma tena.

"Nina malalamiko," akasema.

Mama akamuuliza atasaini au hatasaini.

"Sisaini. Waandike nyingine yenye malalamiko yangu ndani, hiyo nitaisaini."

Hawakuandika nyingine. Mpaka leo baba hajarudi kwenye sare. Anauza vipuri kwenye kibanda ambacho shangazi alikodi na fundi wa kuchomelea, mahali penye mashine moja ya kukerezea iliyozeeka ambayo wao wawili waliifungua yote na kuiunga upya.

Kesi ya meneja ilivutwa mwaka mzima na nusu. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena, faili likapotea, likapatikana. Kila tarehe shangazi alikwenda, akiongozana na Twiga kwenye magongo yake. Siku moja ukumbini wakili wa meneja, mtu wa heshima zake, alimsogelea.

"Mama, ndugu yako yuko huru, yuko nyumbani. Bado unatafuta nini hapa?"

"Ndugu yangu yuko nyumbani," shangazi akasema. "Huyu bado anapanda ngazi moja moja. Nimemsindikiza."

Karani akaita kesi, wakaingia. Meneja alifungwa miaka minne. Twiga alisema ni michache, shangazi akasema naye anaona ni michache, wakashuka ngazi za mahakama polepole, moja moja, na hawakumpisha mtu.